Bosi Anayetaka Poda Aiandike na Ailipie

Duka la nguo ninalofanyia kazi hapa Uingereza limepata meneja mpya, naye, kama walivyo mameneja wengi wapya, ameanza kwa kutugawia waraka wa mavazi. Ni waraka wa kuchosha. Unataja rangi ya suruali, aina ya viatu vinavyofunika vidole, upande wa kifua ambapo kibandiko cha jina kinapaswa kukaa, na namna ya kufunga nywele ndefu kabla ya kupanda ngazi ya stoo. Niliusoma wakati wa mapumziko huku nikinung'unika kwamba watu hawa hawawezi kuishi pamoja bila kuandikiana, mpaka nilipokutana na sentensi moja iliyosema kwamba vipodozi ni hiari ya mfanyakazi, awe mwanamke au mwanamume, na kwamba hakuna msimamizi mwenye ruhusa ya kumwagiza mtu ajipake. Hapo manung'uniko yalikatika, nikabaki nikiwafikiria wasichana niliowaacha nyuma ya kaunta nyumbani.

Aliyewahi kuuza dukani kwetu hahitaji kuelezwa. Analijua tangazo la kazi linalotaka "binti mwenye mvuto" kabla halijagusia hesabu wala lugha. Analijua swali la asubuhi, "Mbona leo umepauka, unaumwa?", ambalo halina uhusiano wowote na afya yake. Anaujua ule msemo kwamba biashara ni muonekano, unaotamkwa na mtu ambaye mwenyewe amevaa kandambili ofisini. Na mwisho wa mwezi anaijua hesabu ambayo hakuna anayemsaidia kuipiga: poda, wanja, rangi ya mdomo, kucha, kusuka au kununua wigi, vyote vikitoka katika mshahara uleule ambao tayari umeshakatwa nauli na kodi ya chumba.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Waingereza hawajali sura ya muuzaji, kwa maana wanaijali sana, na kwa miaka mingi wameijali kwa ukali kuliko sisi. Mwaka 2011 mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza katika duka la Harrods, London, aliacha kazi baada ya mvutano na wasimamizi wake kwa sababu hakutaka kujipaka vipodozi. Mwongozo wa duka, kama magazeti yalivyouripoti, uliwataka wanawake wawe wamejipamba uso mzima muda wote wa kazi: msingi wa ngozi (foundation), rangi ya mashavu, macho, rangi ya mdomo, mstari wa kuuzungushia mdomo na cha kuung'arisha juu yake, na ukawakumbusha wazingatie kwamba taa za dukani huufifisha uso. Nakiri kwamba nilicheka niliposoma habari ya taa. Nyumbani hakuna bosi aliyewahi kunifikiria kwa kina kiasi hicho.

Hata hivyo, katika kicheko hicho ndimo lilimo jambo ninalotaka kulisema. Sharti lile, pamoja na ujinga wake wote, lilikuwa limeandikwa. Kwa kuwa liliandikwa, mtu aliweza kulishika mkononi, kulipeleka kwa mwandishi wa habari, kulisoma kwa sauti mbele ya wengine na kuuliza kama wanaume nao wameagizwa hivyo. Kwetu sharti haliko kwenye karatasi yoyote. Liko machoni mwa bosi, nalo hubadilika kulingana na alivyoamka. Leo midomo myekundu inavutia wateja, kesho inamfanya msichana aonekane mhuni, na yule anayehukumiwa hana hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba alitii agizo la jana.

Tazama jinsi jambo lilivyokwenda huku mara mtu alipopata kitu cha kushika. Mwezi Desemba 2015 Nicola Thorp, aliyekuwa amepelekwa na wakala wa ajira kufanya kazi ya mapokezi katika ofisi za PwC, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, jijini London, alirudishwa nyumbani bila malipo kwa sababu alikwenda na viatu visivyo na visigino. Masharti ya wakala yalitaka visigino vya kati ya inchi mbili na inchi nne, yaani kosa lake liliweza kupimwa kwa rula, na udhalimu wenyewe pia. Aliandika ombi kwa Bunge, likapata saini zaidi ya 150,000, kamati mbili za Bunge zikakusanya maelezo ya wanawake wengine, wakiwemo wauzaji wa madukani walioagizwa wajipake vipodozi, na taarifa yao ikatoka Januari 2017. Bunge lilipolijadili mwezi Machi mwaka huo, serikali ilisema kwamba Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inatosha, jibu ambalo kila aliyezoea majibu ya serikali atalitambua. Lakini Mei 2018 ilitoa mwongozo kwa waajiri, nao ukasema wazi kwamba kumtaka mwanamke avae sketi, ajipake vipodozi au atengeneze kucha, wakati mwanamume hatakiwi jambo linalolingana na hilo, kuna uwezekano mkubwa wa kuwa kinyume cha sheria. Sentensi ile iliyonikatisha manung'uniko wakati wa mapumziko ni mjukuu wa mwongozo huo, ingawa sidhani kama meneja wetu anajua ukoo wake.

Kuna na suala la fedha, ambalo kwangu ni zito kuliko urembo wenyewe. Hapa Uingereza, mwajiri akikuagiza uvae suruali nyeusi na wewe ukainunua kwa fedha yako, gharama hiyo huhesabiwa kana kwamba imekatwa kwenye mshahara wako pale serikali inapochunguza kama umelipwa kima cha chini. Mwaka 2015 serikali iliyataja hadharani makampuni yaliyolipa pungufu, na kubwa miongoni mwao lilikuwa Monsoon Accessorize, lenye maduka ya nguo na mapambo, ambalo wafanyakazi wake zaidi ya 1,400 walikuwa wakidai zaidi ya pauni 104,000 kwa sababu walitakiwa kuvaa nguo za duka lenyewe wakiwa kazini na gharama yake ikawaangukia wao. Walilipwa. Nimeirudia habari hiyo mara nyingi, si kwa kuwapenda Waingereza, bali kwa sababu inajibu swali ambalo nyumbani huonekana utovu wa adabu: anayetaka nipendeze kwa ajili ya biashara yake, kwa nini gharama ni yangu?

Najua mmeshaanza. Mmoja atasema nimeota mapembe, kwamba nimekaa kidogo kwa Wazungu na sasa najiona mwalimu wa waliobaki. Ndugu yangu, ninakunja fulana za watu kutwa nzima na kusikiliza malalamiko ya wateja waliokosa saizi yao. Kama haya ni mapembe, basi ni mafupi mno. Isitoshe, yapo mambo ya mavazi ya kazini ambayo sisi tuliyamaliza zamani na hawa bado wanayahangaikia mahakamani. Huko Marekani, mwaka 2008, msichana Mwislamu aliyeomba kazi katika duka la Abercrombie & Fitch mjini Tulsa alinyimwa kwa sababu kitambaa chake cha kichwani hakikulingana na kanuni za muonekano za duka, na ilibidi kesi ifike Mahakama Kuu ya nchi nzima, ambako mwaka 2015 majaji wanane kati ya tisa waliamua kwa kuunga mkono hoja yake. Miaka saba kwa ajili ya mtandio! Kwetu muuzaji mwenye mtandio ni muuzaji, akiulizwa swali ni la bei. Na nikitaka kujisifu zaidi, nitasema kwamba sijaona huku shati la muuzaji lililopigwa pasi kama mashati ya nyumbani, ambako mtu anaweza kukosa umeme usiku kucha na bado akafungua duka asubuhi akiwa na kola iliyosimama.

Halafu waraka huohuo wa meneja wetu, ninaousifu hapa, unataka nywele ziwe "nadhifu" bila kusema ni nadhifu kwa kipimo cha kichwa cha nani. Nikisuka, naulizwa kama itadumu. Nikiziachia, naulizwa kama nimezisahau. Hilo nimelilalamikia kwa maandishi na ninasubiri jibu. Kwa hiyo msinipe kazi ya kuwatetea hawa.

Wa pili atakuja na hoja ya njaa: kazi zenyewe hazipatikani, wasichana mia wanagombania kaunta moja, wewe unaleta habari ya poda. Hoja hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu inageuza uhaba wa kazi kuwa ruhusa ya kila kitu. Tukiifuata hadi mwisho, hakuna agizo lolote ambalo muuzaji anaweza kulikataa mpaka uchumi ukue, na sote tunajua maagizo hayo huishia wapi pale bosi anapozoea kuamua mwili wa mfanyakazi uonekaneje. Poda ni mlango wa kwanza. Wanawake waliofanya kazi hizo wanaijua milango inayofuata, nami sitawalazimisha kuisimulia hapa.

Wa tatu atasema haya ni mambo ya nchi tajiri. Ufilipino si nchi tajiri, watu wake wametawanyika duniani kutafuta riziki kama sisi, na mwaka 2017 Wizara yake ya Kazi ilitoa agizo la kuwazuia waajiri kuwalazimisha wafanyakazi wanawake kuvaa viatu vya visigino virefu, baada ya malalamiko ya watu wanaosimama saa nyingi, wauzaji wa madukani wakiwa mstari wa mbele. Halikuhitaji reli ya kisasa wala mkopo wa nje. Sheria zetu nazo si tupu: ya Tanzania ya mwaka 2004 na ya Kenya ya mwaka 2007 zinakataza ubaguzi wa jinsia kazini. Tulichokosa ni agizo lenye sura, lenye tarehe na saini, ambalo mtu anaweza kulibandika kwenye malalamiko yake. Nani ataenda kwa afisa wa kazi na ushahidi wa jicho la bosi?

Wa nne, ambaye mara nyingi ni mwenye duka, ataniambia kwamba mteja ndiye anayetaka. Labda. Mimi nimeuza pande zote mbili, na mteja niliyemjua kote anataka bei isiyobadilika akifika kaunta, chenji kamili na mtu anayejua bidhaa iko rafu gani. Kijana mmoja ninayefanya naye kazi hapa hupaka wanja kila Jumamosi, mrefu hadi karibu na masikio, kwa kupenda kwake; wateja humkimbilia kwa sababu anakariri saizi zote za viatu bila kwenda stoo. Lakini tuseme mwenye duka ana haki, na kweli sura iliyopambwa inauza. Basi poda ni kitendea kazi sawa na mashine ya risiti, na sijawahi kusikia muuzaji akiambiwa aje na mashine yake kutoka nyumbani.

Sasa nisije nikaonekana ninauza ndoto, karatasi peke yake haimwokoi mtu. Darlene Jespersen alikuwa mhudumu wa baa katika kasino ya Harrah's mjini Reno, Marekani, kwa karibu miaka ishirini, akisifiwa na wateja na wakubwa wake, mpaka mwaka 2000 kasino ilipoandika kanuni mpya: wanawake wajipake vipodozi na rangi ya kucha na nywele zao zitengenezwe, wanaume wakate nywele fupi na wasijipake chochote. Alikataa, akapoteza kazi, akashtaki, na mwaka 2006 akashindwa. Miongoni mwa sababu za majaji walio wengi ilikuwa kwamba hakuleta mahakamani ushahidi wa fedha na muda ambao vipodozi humgharimu mwanamke kuliko vile kanuni za wanaume zinavyowagharimu wao, na mahakama ilikataa kulichukulia hilo kuwa jambo linalojulikana na kila mtu. Majaji wale watu wazima walitaka kuonyeshwa kwamba poda huuzwa kwa fedha!

Kwa hiyo, dada unayefungua duka kesho asubuhi, kabla hujanitukana kwamba nimekaa mbali na sijui mambo yalivyo, tafuta daftari. Andika bei ya poda, ya wanja, ya kucha, ya wigi, na muda unaotumia mbele ya kioo kabla ya kupanda gari, halafu andika tarehe na maneno ya bosi kila anapokuambia umepauka. Akikuuliza unaandika nini, mwambie ni matumizi ya duka, na umuulize risiti azipokee nani.