Fundi umeme wa chuo cha wananchi ana kazi, ila si ile anayoisubiri

Kila msimu wa mavuno ya mpunga unapokaribia hapa Ifakara, vijana waliohitimu fani ya umeme katika vyuo vya maendeleo ya wananchi hufika karakanani kwangu wakiwa na vyeti ndani ya bahasha, na karibu wote huniuliza swali moja kuhusu shirika la umeme: TANESCO wanaajiri lini? Swali hilo hunisikitisha. Kuajiriwa si jambo baya hata kidogo, lakini vijana hawa wamezungukwa na kazi pande zote nao hawaioni.

Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975, kwa kufuata mfano wa nchi za Skandinavia, ili mwananchi apate ujuzi utakaomfaa palepale anapoishi. Kwa fani ya umeme lengo hilo lilikosa uwanja kwa miaka mingi, maana vijiji vingi vilikuwa gizani. Leo Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imekwisha kuvifikia vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara na sasa inashughulikia vitongoji. Wengi husikia habari hiyo wakadhani neema ya fundi ni kutandaza nyaya. Nyumba ya vyumba vitatu humalizika kwa siku chache, tena nyumba ndogo kabisa huwekewa kifaa cha UMETA (umeme tayari) ambacho hakihitaji nyaya zitandazwe. Kisichoisha ni matengenezo: mashine za kukoboa, pampu za maji, mashine za kuchomelea, friji za madukani, saketi breka zinazokata usiku bila sababu ya kuonekana.

Msimu uliopita mama mmoja mwenye mashine ya kukoboa aliniita kwa kuwa mota yake ilikuwa inavuma bila kuzunguka. Kijana aliyenitangulia, mwenye cheti kizuri tu, alikuwa amemwambia kwamba mota imeungua na lazima isukwe upya, kazi ambayo ingemla fedha nyingi na kumfungia mashine kwa siku kadhaa huku magunia ya wateja yamepangwa hadi mlangoni. Nilipima kwanza kwenye meni swichi, nikakuta fezi zote tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme wa mashine, zipo, takribani volti 400 kati ya moja na nyingine. Nikazifungua nyaya za mota, nikazipima koili zake, zilikuwa salama. Nilipoivutisha kontakta, yaani swichi ya sumaku inayowasha mota, na kupima upande wa kutokea, fezi moja haikuwepo: mguso wake mmoja ulikuwa umeungua ukawa mweusi kama mkaa. Tukabadilisha kontakta, tukairudisha ovalodi, kinga inayokata mota ikizidiwa, kwenye kiwango chake, kwani kuna mtu alikuwa ameipandisha ili isikate, na jioni ileile mpunga ukakobolewa. Ingeachwa ikivuma kwa fezi mbili kwa muda mrefu zaidi, mota ingeungua kweli.

Kijana yule hakuwa mzembe. Alifundishwa kufunga mota, akaifunga chuoni mara nyingi ikiwa nzima, kwa nyaya nzima, juu ya ubao safi. Hakuwahi kukabidhiwa kitu kibovu akaambiwa atafute ubovu ulipo. Kwa maoni yangu, nusu ya saa za vitendo katika kozi yake ya miaka miwili zingepaswa kutumika hivyo, hata ikibidi kupunguza muda wa kutandaza nyaya, kwa sababu mteja wa kijijini humlipa fundi kwa kutambua tatizo kabla ya kumlipa kwa kulitengeneza.

Jambo la pili ni leseni. Anayefanya kazi za kufunga umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja kulingana na elimu na uzoefu. Ninauunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote, maana nimeingia katika nyumba iliyoungua kwa waya mwembamba wa taa uliobebeshwa jiko. Kinachoniuma ni kwamba mhitimu hufanya kazi yote juani, kisha mwenye leseni ambaye hajaiona hata nyumba yenyewe akagonga muhuri na kuchukua sehemu nono ya malipo, wala jina la kijana halionekani popote. Mwaka unapita, uzoefu anao mikononi, lakini hana karatasi inayouthibitisha. Mkandarasi anayemtumia kijana kwa namna hiyo anawajibika, walau, kumwandikia barua inayotaja kazi alizofanya na tarehe zake, na mhitimu aidai barua hiyo kabla ya kuanza kazi, si baada ya kugombana.

Mapato ya mwaka wa kwanza ni madogo; sitawadanganya. Wanaofanikiwa ninaowafahamu walianza wawili au watatu wa darasa moja, wakachangiana kununua mega ya kupima kama ganda la nyaya halivujishi umeme, kila mmoja akabaki na multimita na tesita yake, na mabinti wawili kati yao leo ndio wanaoaminiwa na wenye pampu za umwagiliaji kuliko mafundi wanaume wenye umri wangu.

Mwezi uliopita nilipeleka mota mbili mbovu katika chuo kimoja cha jirani, bila kusema zina ubovu gani, na mwalimu wa karakana akazipokea kwa furaha. Karakanani zimebaki nne, na chuo kingine kikizihitaji nitazipeleka kwa gharama yangu.