Hoteli ya Algarrobico ibomolewe, ila watu wa Carboneras nao wasikilizwe

Kila picha ya ile hoteli ya Algarrobico, lile jengo lililokwama ufukweni mwa mji wa Carboneras, kule kusini mashariki mwa Hispania, ikizunguka mtandaoni watu wanauliza mbona haijabomolewa mpaka leo. Mimi pia nataka ibomolewe, nalisema mapema kabisa. Kinachoniuma ni kwamba mjadala unaishia hapo, hakuna anayemuuliza mtu wa Carboneras yeye atakula nini.

Carboneras ni kamji ka watu kama elfu nane hivi mkoani Almería, milima nyuma, bahari mbele, na hata jina lenyewe limetokana na mkaa uliokuwa unachomwa huko zamani. Mvua ndo hakuna, ni milimita 200 hivi kwa mwaka, huu ukanda ni kati ya sehemu kavu kuliko zote Ulaya, kwa hiyo kilimo cha kusubiri mbingu sahau. Watu wameishi kwa bahari, wana boti zao za dhulumati, yaani kamba ndefu zenye ndoana nyingi, zinaenda mbali kutafuta samaki aina ya nduaro. Baadaye vikaja viwanda, saruji, umeme wa makaa ya mawe kuanzia miaka ya 80, mitambo miwili yenye megawati zaidi ya 1,100, halafu kiwanda cha kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, mita za ujazo 120,000 kwa siku kikifanya kazi yote, na maji mengi yanaenda kwenye vitalu nyumba vya mboga. Sasa mitambo ya makaa imeshafungwa. Kwa hewa ni heri kabisa, ila kwa kamji kadogo hivyo, jirani yako, shemeji yako, mwenye karakana, mwenye mgahawa wa mchana, wote walikuwa wanakula humohumo.

Ndo maana siwezi kuwacheka waliopigia debe hoteli. Mwaka 2003 halmashauri yao ilitoa kibali, vyumba 411, ghorofa kama 20 zimepangwa ngazi ngazi kushuka kilimani hadi karibu na mchanga, pale mto Alías unapomwaga baharini. Wakaahidiwa ajira. 2006 mahakama ikasimamisha ujenzi jengo likiwa karibu kuisha, maana sheria ya pwani ya 1988 inataka mita 100 kutoka ufukweni ziachwe, na eneo lenyewe limo ndani ya hifadhi ya Cabo de Gata-Níjar iliyotangazwa 1987. 2016 Mahakama Kuu ya nchi ikasema wazi kwamba pale hapajengeki. Ungedhani limeisha, wapi, 2021 mahakama ya jimbo la Andalusia, ambamo Almería imo, ikakataa kuamuru libomolewe kwa sababu kile kibali kilikuwa bado hakijafutwa, na wa kukifuta ni halmashauri ileile iliyokitoa. Mwanzoni mwa 2025 serikali kuu ikatangaza inaanza kutwaa sehemu ya jengo iliyo kwenye ukanda wa pwani. Miaka yote hiyo madirisha yako wazi, hakuna aliyelala humo hata usiku mmoja.

Wanaotetea hoteli wanasema kwa vile limeshajengwa basi lifunguliwe, litoe kazi. Hapo ndo siwaelewi. Ukikubali hivyo umemfundisha kila mwenye hela ajenge fasta kwanza, sheria itamkuta ameshamaliza. Halafu nenda upande wa pili wa mji, Playa de los Muertos, ufukwe wa wafu, jina la kutisha kwa sababu ya miili ya waliozama iliyokuwa inatupwa pale na mawimbi. Unaacha gari juu, unashuka kwa miguu njia ya mawe, jua linakuchoma, na ukifika chini hakuna hoteli, unakuta changarawe nyeupe tu na maji unayaona mpaka chini. Watu wanatoka mbali kuja pale, na wanakuja kwa sababu hapajajengwa. Huo ndo mtaji wa Carboneras, hoteli inaula.

Ila na wapenda mazingira nao wana deni. Kufunga makaa ya mawe wamepiga makofi, kubomoa hoteli watapiga makofi, kisha wanarudi zao mjini, na watalii wa Agosti wakiondoka mji unabaki kimya mpaka kiangazi kingine. Kijana anayehamia Almería mjini kutafuta kazi hajafukuzwa na sheria ya pwani, amekosa cha kufanya tu, na akisikia neno hifadhi anasikia marufuku. Mimi simlaumu.

Makubaliano ya 2011 yalisema serikali kuu itabomoa na serikali ya Andalusia itarudisha eneo kama lilivyokuwa. Kuondoa zege lote lile na kuutengeneza mlima upya ni kazi ya miezi na miezi, inahitaji madereva, mafundi, walinzi, watu wa kupanda mimea ya asili. Tenda ikitangazwa iandikwe kabisa kwamba vibarua wa kwanza ni wa Carboneras, wakianza na waliopoteza kazi kwenye ile mitambo.