Vitambaa Vyangu Havipimwi kwa Kilo

Jamaa yetu mmoja, mtu mzima wa kuheshimiwa, alikuja kulala kwetu juzi. Akafungua kabati la chumba cha nyuma kutafuta taulo, akakutana na vitambaa vyangu vimepangwa toka chini hadi juu. Akauliza vya nini. Nikamwambia vya kushonea mifarishi, yale matandiko ya viraka ya kujifunika. Akauliza mifarishi yenyewe nauza bei gani. Nikamwambia siuzi. Basi akaniketisha, akanipa nasaha kwa upole: kitu kinachokaa mwaka mzima bila kuingiza shilingi ni mzigo ndani ya nyumba, afadhali nivipeleke soko la Kongowea vikapimwe kwa kilo, nipate nafasi, nipate na nauli juu.

Nilinyamaza kwa adabu, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Hapa sinyamazi.

Maneno yale si yake peke yake. Ndiyo mazungumzo ya mji mzima siku hizi. Mtu akipika mahamri yakafura vizuri, anaambiwa achukue oda. Msichana akijua kuchora hina, hajamaliza mkono wa pili keshaulizwa analipisha ngapi. Mama akikuza miasumini uani kwake, anaambiwa auze vikuba. Mikono ya mwanamke haiachwi itulie juu ya kitu inachokipenda. Lazima atokee mtu kuuliza faida. Na wanaouliza ni watu wanaotupenda, ndipo panapouma, maana huwezi kuwajibu kama unavyomjibu mtu baki.

Najua nasaha hiyo inafikisha wapi, kwa sababu ndiyo iliyowahi kunimaliza hamu. Nilianza kushona viraka kwa furaha tupu. Mfarishi wa mwanzo ulikuwa wa mtoto wa dadangu, wa arobaini yake: leso (wengine huiita kanga) juu, leso chini, katikati shuka kuukuu la pamba. Watu wakaupenda, wakautaka. Haukupita muda, mteja wa hoteli moja upande wa kaskazini akataka foronya za mito ya sebuleni, nyingi, zote za buluu na nyeupe, zote sawasawa. Anayeijua leso anajua ombi hilo ni zito kiasi gani. Leso hutoka kwa toleo. Ikipendwa huisha, na ukirudi dukani baada ya mwezi unakuta mji mwingine, yaani pambo la katikati, pindo jingine, jina jingine, yale maneno yaliyoandikwa. Nikazunguka Biashara Street duka kwa duka, kipande mkononi, nalinganisha buluu. Kazi ilipofika, baadhi zikarudishwa kwa kuwa buluu yake imekoza kuliko ya wenzake.

Malipo nayo yalikawia, lakini si malipo yaliyonivunja. Kilichonivunja ni kwamba nilikuwa naingia duka la leso na sioni kitu. Rangi zote zile zimetundikwa mpaka dari, na mimi nahesabu mita. Mwanamke wa Mombasa kuingia dukani akatoka bila hata kusoma majina ya leso mpya! Oda ile ilipokwisha nikaifunika cherehani, na juu yake zikaanza kupangwa sare za shule zilizopigwa pasi. Kabati nikalifunga. Mtu akinitajia mfarishi, nageuza mazungumzo.

Hapo ndipo wanapokuja wenye nasaha. Wanaona kabati halifunguliwi, wanasema: si unaona, huna haja navyo, toa. Mimi nasema wakati ule hasa ndio wa kutogusa kitu. Aliyechoka hafai kuachiwa aamue juu ya mali aliyoikusanya katika siku zake za furaha. Akiviuza, siku hamu itakaporudi itakuta kabati tupu, na vingi katika vile havinunuliki tena.

Navisema kwa dhati, havinunuliki. Kwenye kabati langu kuna leso za pamba zenye alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla, za duka la Kaderdina Hajee Essak ambalo lipo Mombasa tangu 1887, zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama ngozi ya mtoto. Kuna vikoi vya babangu vilivyochakaa katikati, lakini kando zake ni nzima na mistari bado imekaza. Kuna kaniki, kuna marikani, kuna mapindo ya kisutu yenye ule wekundu na weusi ambao hauwezi kuuchanganya na kitu kingine. Sasa nenda ukatafute leso leo. Nyingi zinazoletwa ni za poliesta, nyepesi, zinang'aa, hazinyonyi jasho wala maji. Ukiipiga pasi ya moto inajikunyata. Ukiikunja mshono, mkunjo unafunguka wenyewe. Anayetilia shaka achomoe uzi mmoja auchome: wa pamba utaungua ubaki jivu lenye harufu ya karatasi, wa poliesta utayeyuka ushikane kijipunje kigumu. Mpima kilo hachomi uzi. Kwake leso ya pamba ya miaka hiyo na ile ya plastiki ni gramu na gramu.

Wako wanaosema mifarishi ya viraka ni mambo ya Kizungu. Leso yenyewe ilianza kwa kuungwa! Historia inayosimuliwa pwani yote hii ni kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na Wareno, vikiwa bado jora halijakatwa, wakakata vipande sita na kuviunga vitatu kwa viwili wapate nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara ndio waliokuja baadaye kuagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Na ng'ambo ya bahari hii hii, Karnataka huko India, wako Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, wanaoshona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi. Huanza ukingoni, wakazunguka nao kuelekea katikati, kiraka juu ya kiraka, na pembe nne huzitia vitambaa vilivyokunjwa kama maua. Jirani yangu wa Kikachi, mwenye asili ya Kachi huko India, hapa Mji wa Kale, amerithi ya mamake ya sari kuukuu zilizopandanishwa na kupigwa bandi mistari kwa mistari. Tuna haki ya kushona viraka kuliko wengi.

Lile la kwamba kiraka ni umaskini silijibu kwa marefu. Wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, walishona kwa suruali za shamba zilizochakaa, kwa kuwa usiku kulikuwa na baridi na pesa hakuna, na mwaka 2002 mifarishi yao ikatundikwa kwenye jumba la makumbusho Houston, kisha New York. Mwaka 2006 ikatiwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Lakini kuna jambo jingine juu yao ambalo nililisoma nikasimama. Mwaka 1966 wanawake wa sehemu ile, baadhi yao wa Gee's Bend, waliunda ushirika wa kushona, na mwaka 1972 wakapata mkataba na kampuni ya maduka ya Sears, wa kutengeneza foronya za mito za kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka. Foronya, jamani! Zote za kipimo kimoja, kwa rangi zilizoamuliwa na mnunuzi. Pesa zilikuja, na zilihitajika, sikatai. Ila mabaki ya ile kodrai waliyabeba nyumbani, wakashona mifarishi yao wenyewe, ya vitanda vyao, kwa mpangilio waliotaka wao, na baadhi ya ile ya mabaki ndiyo watu wanayosafiri kwenda kuitazama. Laiti ningeliambiwa habari hii wakati ule nalinganisha buluu.

Hamu yangu haikurudi kwa kunuia. Ilikuwa baada ya mvua za masika, na kila mkaaji wa Mombasa anajua masika yanavyofanya nguo za kabatini. Nilifungua nikakutana na harufu ya unyevu. Nikavipandisha vyote darini kwenye jua, nikavigeuza, nikafuta rafu, nikatandika majani ya mwarobaini makavu na karafuu. Vilivyoingia ukungu mpaka ndani nikavitoa kabisa, havina dawa. Kisha nikaanza kupiga pasi kimoja kimoja, ili virudi vikiwa vikavu. Hapo kwenye meza ya pasi pindo la kisutu likaangukia kando ya kikoi cha kijani kilichopauka. Nikaacha kupiga pasi. Nikaleta kaniki nikaiweka kati yao. Nikaondoa kikoi nikaleta kingine. Alasiri ikaadhiniwa, sare za watoto hazijaguswa.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti: sinunui hata mita. Nashona kwa kilichomo kabatini, na kikiisha kimeisha. Watu hudhani sharti kama hilo linabana, na mimi naona ndilo linalofungua. Ukiwa na duka zima mbele yako unatafuta kitu kinachofanana na ulicho nacho. Ukiwa na kabati tu, nyekundu imeisha na safu haijakamilika, inakubidi utie zambarau ambayo usingeithubutu, na ghafla safu nzima inaamka. Ile buluu iliyokoza kuliko nyenzake sasa naitafuta kwa makusudi.

Kuna mambo ya mkono ambayo nimeyarudia kwa raha. Leso mpya sharti ifuliwe kabla ya kukatwa, itoke wanga na ichuje rangi, la sivyo nyekundu itakulia nyeupe yote kwenye maji ya kwanza. Na usiamini mstari wa pindo, maana mara nyingi leso huchapwa upande. Kata kidogo ukingoni halafu uipasue kwa mikono, ifuate uzi wake. Kikoi ni kizito kuliko leso, kwa hiyo ukiviunga usivute. Sufi usiitie kabisa, hukusanyika madonge. Tena kwa joto letu hakuna haja ya kujaza: tabaka mbili za leso na shuka jepesi katikati zinatosha, na ikivuma kusi mwezi wa Julai, usiku, hakuna anayeniuliza tena mfarishi wa nini Mombasa.

Linaloniweka macho ni jina. Ninayo leso iliyoandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, na siwezi kuikata yale maneno. Najua wengine huyachanachana, herufi mbili huku, tatu kule, yakawa pambo tu. Mimi sikubali. Yule aliyeinunua alisimama dukani akasoma, akachagua, pengine alikuwa na mtu wa kumwambia. Nikivunja maneno yake nimemkatiza kauli. Kwa hiyo mji wa leso nakata nipendavyo, pindo nakata, jina nalitoa zima na kulilaza ukingoni, mahali ambapo anayejifunika ataweza kulisoma. Mpangilio mzima wakati mwingine hubadilika kwa ajili ya ukanda ule mmoja. Na ubadilike.

Nitakubali jambo moja, japo si kwa moyo mkunjufu: kuna watu wenye makabati ambayo si akiba tena, wananunua ili wawe wamenunua, na wao kweli wapunguze. Na sina neno na mwanamke anayelisha watoto kwa cherehani yake. Mungu ambarikie, na wateja wamlipe kwa wakati. Ninachokataa ni kupimiwa kila nilicho nacho kwa kipimo cha duka. Vitambaa vile vimeningoja miaka nisiyokuwa na la kuvifanyia, havikunidai kitu.

Ulioko mezani sasa ni wa binti yangu, anayekwenda chuo Eldoret, kwenye baridi ya kweli, kwa hiyo huu nimeutia blanketi jepesi kati. Nashona barazani baada ya alasiri, na yule jirani wa Kikachi huja na chai yake akanirekebisha bandi. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili amepita mara mbili, na jana akauliza kama huo nitamfanyia kwa ngapi. Nimemwambia aje Jumamosi na sindano yake, vitambaa vipo.