Kwa Raha ya Kila Siku, Chukua Gari Jepesi

Wapenzi wa V8, yaani injini ya silinda nane, hupenda kuanza na hesabu, basi tuanze nazo. Ford Mustang GT ya 2018 hadi 2021 ina injini ya lita 5.0, nguvu farasi 460, na uzito unaokaribia kilo 1,700. Mazda MX-5, gari dogo la viti viwili, ya lita 2.0 inayouzwa Marekani tangu toleo la 2019 ina farasi 181 na kilo kama 1,060. Hata ukigawa nguvu kwa uzito, Mustang inashinda. Sibishi.

Sasa shika usukani. Gea ya kwanza ya MX-5 huishia karibu na kilomita 60 kwa saa, ya pili kwenye 100 hivi, injini ikiwa imefika mizunguko 7,500 kwa dakika. Ya pili ya Mustang inapita 120. Mjini, Dar au Nairobi, mwisho ni 50. Kwa hiyo dereva wa MX-5 anaikamua gea ya kwanza hadi karibu na 50, anakanyaga klachi, anapandisha, anaingia kipilefti akiisikia kila tairi inavyoshika lami, na bado hajavunja sheria. Wa Mustang anagusa mafuta kidogo, kisha anaachia. Injini ile tamu haipati nafasi ya kuimba.

Uzito unadai chake kwenye breki pia. Kwa mwendo uleule, kilo 1,700 huzalisha joto zaidi kwa asilimia 60 kuliko kilo 1,060. Mustang ina diski kubwa, kusimama mara moja si tatizo. Shida ni mteremko mrefu wenye kona, kama Lushoto kushuka Mombo: mafuta ya breki ya zamani yamenyonya unyevu, yanachemka, pedali inazama. Badilisha mafuta hayo ya breki (daraja la DOT 4) kila miaka 2, gari liwe jepesi au zito.

Gari jepesi nalo huharibiwa na mazoea. Kosa kubwa ni upepo wa tairi. MX-5 ya sasa inataka psi 29, ya kwanza kabisa ya 1989 inataka 26. Fundi wa tairi akikujazia 35 kama anavyojaza magari mengine, gari linarukaruka kwenye viraka na usukani unakosa utulivu, halafu mwenye gari analaumu shokabu.

Kwa MX-5 za zamani zenye paa la turubai, angalia matundu ya kutoa maji nyuma ya viti, pale turubai linapokunjwa. Majani yakiziba, maji huingia kwenye vizingiti vya milango na kutu inakula kutoka ndani. Mimina nusu lita taratibu kila upande. Yanapaswa kutoka chini, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Yasipotoka, zibua kwa uzi laini wa plastiki. Waya utatoboa mpira.

Mustang naipa safari ndefu. Ina newtonmita 569 za nguvu ya kuzungusha, kulipita lori hakuhitaji kupiga hesabu, na viti vya nyuma vinabeba watoto.

Anayeagiza MX-5 kutoka Japani ajue kwamba kule huitwa Roadster, na ya kizazi cha sasa yenye paa la turubai kwa kawaida huja na injini ya lita 1.5. Usiikatae. Daraja la S lilianza na kilo 990 mwaka 2015, na wepesi huo utauhisi kwenye kona ya kwanza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo soma mwaka kabla ya kulipa.