Bomba linamfikia nyigu, halimfikii bungua

Mwezi wa nne nilikuwa Mbozi, shambani kwa mzee mmoja anayepakana na wazazi wangu, tunapasua mabua ya mahindi yaliyodumaa. Bua la tatu au la nne likatoa kitu cheupe: rundo la vifukofuko vidogo kuliko punje ya mchele, vimeshikana kwa nyuzi kama pamba, na kando yake kiwavi aliyesinyaa ambaye bado alikuwa anatikisika kidogo. "Mayai yao hayo," mzee akasema, akalidondosha rundo chini na kulisaga kwa buti. Hayakuwa mayai. Alikuwa amekanyaga nyigu wapatao thelathini waliokwisha kumaliza kazi ile ile aliyoinunulia sumu wiki iliyopita.

Nimeanzia hapo kwa sababu ubishi unaoendelea kwa wakulima wa mahindi kuanzia Mbozi hadi Iringa unahusu nyigu huyu, hata kama wabishi wengi hawajawahi kumwona. Upande mmoja unasema wadudu marafiki ni maneno ya semina: bungua, yule kiwavi anayetoboa mabua, anakula leo, dawa inaua leo, mengine ni posho za wataalamu. Upande wa pili unasema dawa ndiyo iliyotuharibia mashamba, tuwaache wadudu wamalizane wenyewe. Wote wawili wanamzungumzia mdudu ambaye hawajamtazama kwa makini.

Jina lake la kitaalamu ni Cotesia sesamiae, na lilianzia kwa mtaalamu wa wadudu aitwaye Cameron mwaka 1906. Urefu wake ni milimita mbili hadi tatu, mweusi, mabawa manne yanayopitisha mwanga. Ni mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara, hakuletwa na mradi wowote. Watoto wake hukulia ndani ya viwavi wa mabua hadi kuwaua: Busseola fusca, ambaye ndiye bungua mkuu wa baridi yetu ya nyanda za juu, Sesamia calamistis, na Chilo partellus aliyeingia kutoka Asia na kupenda zaidi nchi za chini zenye joto.

Umbo lake linaeleza maisha yake yote. Kuna nyigu wenye mrija mrefu wa kutagia, wanaoweza kutoboa bua wakiwa nje na kumdunga kiwavi bila kumwona. Huyu hana. Mrija wake ni mfupi mno, kwa hiyo hana njia ila kuingia mwenyewe. Kifua chake kimebapa kuanzia mgongoni hadi tumboni, kama kitu kilichofinywa kati ya vidole viwili, na ubapa huo ndio unaompitisha kwenye handaki lililojaa kinyesi cha kiwavi. Harufu ya kinyesi hicho ndiyo inayomwongoza. Akifika mwisho, anakutana na kiwavi mkubwa kumzidi mara nyingi, mwenye taya, katika njia isiyo na nafasi ya kukwepa.

Hapa kuna hesabu ambayo sichoki kuirudia. Kwa ndugu yake wa karibu, Cotesia flavipes, majaribio yameonyesha kwamba kila anapoingia handakini, uwezekano wa kuumwa na kufa unaukaribia nusu. Chukua nyigu mia. Wakiingia mara ya kwanza, hamsini wanatoka. Mara ya pili, ishirini na watano. Mara ya tatu, kumi na wawili au kumi na watatu. Mama huyu ana mayai kama 150 maisha yake yote, na maisha yenyewe ni siku chache tu. Ndiyo maana hatoi moja moja. Akimpata kiwavi anamdunga mayai thelathini, arobaini kwa mpigo, kama mtu anayetoa mahari yote siku ya kwanza kwa kuwa hana uhakika wa kurudi. Hata akifia humo, mayai yaliyokwisha kudungwa hayafi naye.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu anasema "nyigu wenyewe wanaua asilimia chache tu," namuuliza amehesabu nini. Ni kweli kwamba tafiti nyingi za Afrika Mashariki zimekuta asilimia ndogo, mara nyingi chini ya kumi. Lakini hesabu hizo hupatikana kwa kupasua mabua siku moja. Kiwavi aliyekufa wiki iliyopita hayumo, amekwisha kuoza. Aliyeingia kwenye bua jana na atakayedungwa kesho anaandikwa mzima. Ni sawa na kusimama mlangoni mwa ukumbi dakika tano ukadai umewajua wote waliohudhuria harusi.

Wapinzani wake, hata hivyo, wana hoja ambayo watetezi wake huiruka. Kiwavi aliyedungwa hafi siku hiyo. Anaendelea kula kwa karibu wiki mbili, na kwenye baridi ya Uyole au Njombe huchelewa zaidi, huku watoto wa nyigu wakikua ndani yake. Bua lililokwisha kutobolewa halizibiki. Nyigu anapunguza kizazi kinachofuata, haokoi mhindi uliokwisha kuliwa. Mkulima mwenye ekari mbili na deni la mbolea anaishi msimu huu, na simlaumu akiona kwamba msaada huo unamfikia jirani kabla ya kumfikia yeye.

Tena wapo wanaodhani dawa ya yote ni kuleta nyigu wa kigeni. Hili limejaribiwa. Cotesia flavipes aliletwa Kenya kutoka Pakistani na kuachiwa pwani mwaka 1993 ili amkabili Chilo, na huko alifanya kazi nzuri. Lakini kwa Busseola wetu hafai: mayai yake yanazungukwa na chembe za kinga za kiwavi na kufungiwa humo mpaka yafe. Si suala la ugeni tu. Hata Cotesia sesamiae wa kutoka Mombasa hushindwa vile vile kwa Busseola, ilhali wa Kitale, kwenye mwinuko, anafanikiwa. Spishi moja, sura moja! Tofauti imo kwenye virusi ambavyo mama huvibeba katika viungo vyake vya uzazi na kuvidunga pamoja na mayai ili kuinyamazisha kinga ya kiwavi. Vya wa bara vinaiweza kinga ya Busseola, vya wa pwani haviiwezi. Juu ya hapo kuna bakteria aina ya Wolbachia ambaye anaweza kuharibu uzazi wa makundi mawili yakichanganyika. Anayetaka kutuletea nyigu kwenye kopo aseme kwanza wametoka mwinuko gani.

Wa kwetu, basi, tunao tayari, na anayewamaliza ni bomba la kupulizia dawa. Bungua huwa wazi kwa dawa siku chache tu, akiwa mdogo bado anakula majani machanga kwenye moyo wa mhindi. Akishaingia kwenye bua yuko ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Anayetembea nje juu ya bua na majani, akinusa kinyesi na kutafuta tundu, ni nyigu. Unapopuliza mahindi yaliyofika kiunoni, dawa inampata yeye. Na tangu viwavijeshi vamizi walipofika nchini mwaka 2017 tunapuliza mara nyingi kuliko baba zetu walivyowahi kupuliza, kwa adui ambaye si windo la kawaida la nyigu huyu. Anapigwa risasi katika vita isiyomhusu.

Sisemi bomba litundikwe. Kwa moyo wa mhindi unaoonekana matundu ya viwavi wadogo, dawa ina kazi, na mwenye kuiweka mapema, mche kwa mche, simwoni kuwa adui wa mtu. Ninalolipinga ni ule mzunguko wa tatu na wa nne, unaopigwa kwa hofu au kwa ushauri wa mwenye duka.

Ipo pia njia ya kumwita. Mwaka 1997 watafiti nchini Kenya walionyesha kwamba nyasi ziitwazo Melinis minutiflora zikipandwa kati ya mahindi huwavuta Cotesia sesamiae, kwa sababu hutoa harufu ile ile inayotolewa na mmea uliojeruhiwa na wadudu. Nyasi nzima, isiyoliwa na yeyote, inapiga kelele za aliyeumizwa, na nyigu anaitika.

Nilimweleza mzee haya yote tukiwa tumekaa kwenye tuta. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: wakati nyasi inaita na nyigu anakuja, mahindi yangu yanaliwa na nani? Nikamwonyesha bua jingine lenye rundo jeupe. Safari hii hakulikanyaga, alilirudisha ndani ya ufa na kulifunga kwa jani. Jioni alichanganya dawa, akapulizia upande wa chini tu, kwenye mahindi aliyochelewa kupanda.