Kubadili Prosesa ya Kompyuta Kuukuu ya Gemu: Pesa Inalipa Lini?

Kompyuta nyingi za gemu mitaani kwetu zilikuwa za ofisini kwanza. Dell OptiPlex na HP EliteDesk huondolewa kazini Ulaya na Marekani, hupakiwa kwenye makontena na kufika Kariakoo au Luthuli Avenue, na aliyenunua huchomeka kadi ya grafiki akaanza kucheza. Ndani yake mara nyingi mna prosesa ya Intel, Core i5 ya kizazi cha nne, toleo la 2013, au ya kizazi cha tatu iliyoitangulia kwa mwaka mmoja. Gemu za enzi hizo zinakwenda bila taabu. Za sasa zinakwama-kwama, na mwenye kompyuta akiuliza dukani, jibu huwa ni moja: toa i5, weka i7.

Ushauri huo siupuuzi, kwa sababu kwa watu fulani ni sahihi kabisa. Kwa wengine unachelewesha tu kompyuta waliyokuwa wakiihitaji tangu mwanzo. Kinachoyatenganisha makundi hayo mawili ni madabodi, bodi kuu inayobeba vipande vyote: soketi yake, yaani tundu la prosesa, bado inapokea nini, na kwa bei gani.

Kabla ya kufika huko, hakikisha tatizo ni prosesa kweli. Fungua gemu inayokusumbua, nenda mahali penye watu na magari mengi, kisha shusha ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720. Fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, zikipanda sana, kadi ya grafiki ndiyo iliyolemewa, na i7 haitakusaidia. Zikibaki palepale, prosesa imefika kikomo. Usiitegemee asilimia ya jumla inayoonyeshwa na Windows. Prosesa ya viini vinne, yaani vitendakazi vinne vya ndani, inaweza kusoma asilimia 60 huku kiini kimoja, kile kinachobeba kazi kuu ya gemu, kimejaa pomoni. Tazama na RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Kompyuta hizi mara nyingi huuzwa zikiwa na kijiti kimoja. Ukiongeza cha pili cha aina ileile, prosesa inapata njia mbili za kufikia kumbukumbu, na katika gemu zinazoielemea prosesa tofauti inaweza kuonekana kwa macho.

Tuchukue OptiPlex 9020 yenye i5-4570. Soketi yake ni LGA1150, na inapokea i7-4770 au i7-4790 bila kubadili kitu kingine. Kwa vipimo vya karatasi, i7-4770 ina viini vinne vilevile, kache (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa) imepanda kutoka megabaiti 6 hadi 8, na kasi ya juu kutoka gigahezi 3.6 hadi 3.9. Hayo ni madogo. Kikubwa ni nyuzi, yaani mikondo ya kazi ambayo prosesa huishughulikia kwa wakati mmoja: i5 ina nne, i7 ina nane. PlayStation 4 ilitoka mwaka 2013 ikiwa na viini nane, PlayStation 5 ikafuata mwaka 2020 na viini nane vyenye nyuzi 16, na gemu nyingi kubwa hutengenezwa kwa kuzifikiria mashine hizo. Gemu inayogawa kazi mafungu sita au nane ikikuta nyuzi nne tu, kazi zinasubiriana. Mchezaji huiona subira hiyo gari linapokata kona kuingia mtaa mpya na picha ikaganda kidogo kabla ya kuendelea.

Ndiyo maana wanaopima wastani wa fremu peke yake huibeza i7, na wanaoicheza huisifu. Wastani unaweza usisogee sana. Zinazopanda ni fremu za chini, zile za nyakati mbaya, na mchezaji huchoshwa na hizo kuliko kitu kingine chochote. Mwenye skrini ya hezi 60, kama zilivyo skrini nyingi za ofisini, hana haja ya fremu 120. Anataka 60 zisizoyumba, na hapo nyuzi nne za ziada zinatenda haki.

Ipo pia hoja ya RAM. Tangu mwaka 2025 bei yake imepanda vibaya, ikiwemo ya DDR4, aina iliyofuata DDR3 ya kompyuta hizi, kwa sababu viwanda vimeelekeza nguvu kwenye kumbukumbu za seva za akili mnemba. Anayehamia soketi mpya zaidi ananunua madabodi, prosesa na RAM kwa mkupuo. Anayebaki LGA1150 anaendelea na DDR3 yake, na akichoka anaweza kuiuza i7 na kurudisha sehemu ya pesa.

Upande wa pili nao una uzito. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, na kwa Intel, Windows 11 inatambua rasmi kizazi cha nane na kuendelea. i7-4790 iko nje sawasawa na i5 uliyoitoa. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ukaguzi wa usalama kompyuta inapowaka), na Battlefield 6 nayo haifunguki bila Secure Boot. Kizazi cha tatu kina pengo jingine: hakina amri za AVX2, zilizoingia na kizazi cha nne, na zipo gemu mpya zisizowaka bila amri hizo. Mwenye i5-3470 nasema wazi asinunue i7-3770, hata akipunguziwa bei.

Kuna joto pia. Prosesa zote mbili za mfano wetu zimekadiriwa wati 84, lakini nyuzi nane zikishika kazi kwa pamoja joto halisi linapanda, na kasha dogo la ofisini halikubuniwa kwa ajili ya chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili. Bila kusafisha vumbi na kupaka pesti mpya ya kupitishia joto, i7 itashusha kasi yake yenyewe ili isiungue, nawe utakuwa umenunua i5 ya pili. Pawa saplai ya makasha hayo madogo ni ya wati 240 hivi, na Dell hutumia plagi zake zenyewe, hivyo ukitaka kubwa zaidi unaanza kununua adapta.

Hoja inayonishika zaidi ni ya nini kitahama nawe. Kadi ya grafiki utaichomoa na kuichomeka kwenye kompyuta ijayo. SSD vilevile. Prosesa ya LGA1150 haihami popote. Kwa hiyo kanuni ninayoishika ni hii: kama i7 inagharimu chini ya robo ya seti ya mtumba yenye madabodi, prosesa na RAM ya DDR4, na gemu unazocheza zinafunguka kwenye Windows uliyonayo, inunue ufurahie. Ikizidi robo, weka akiba. Mwanafunzi anayecheza GTA V na Counter-Strike 2 jioni yuko kundi la kwanza. Anayesubiri kila gemu kubwa ya mwaka asijidanganye.

LGA1151 ndipo watu wanapoumia. Core za kizazi cha sita, cha saba na cha nane zote zina soketi ya jina hilo, lakini madabodi za mfululizo wa 100 na 200 hazikutengenezwa kupokea kizazi cha nane. Mtu ananunua i5-8400 yenye viini sita, inakaa kwenye soketi vizuri, kompyuta haiwaki. Kinachobaki ni i7-6700 au i7-7700, na kwa kuwa kila mwenye bodi hizo anazitafuta hizohizo, bei yake ya mtumba hubaki juu kuliko uwezo wake. Hapa simwoni anayefaidika isipokuwa muuzaji.

Kwa AMD, mshindani wa Intel, mambo ni tofauti kabisa, na inasikitisha kuona watu wenye bodi za soketi ya AM4 wakiziuza nzima bila kujua walichonacho. Ryzen za kwanza ziliingia soketi hiyo Machi 2017. Mwaka 2022 AMD iliruhusu hata bodi za mwanzo, zile za A320, B350 na X370, zipokee Ryzen 5000 kwa BIOS mpya, yaani programu ya bodi inayoiwasha kompyuta. Mwenye Ryzen 3 1200, yenye viini vinne na nyuzi nne, anaweza kuweka Ryzen 5 5600 yenye viini sita na nyuzi 12, ya wati 65, iliyotoka Aprili 2022 kwa dola 199. RAM haibadiliki, kasha halibadiliki, na Windows 11 inamkubali. Asiichanganye tu na 5600G, ambayo ina kache ya megabaiti 16 badala ya 32. Kwenye gemu upungufu huo unaonekana. 5800X3D yenye megabaiti 96 ni kali zaidi, lakini kuiweka pamoja na kadi ya grafiki ya zamani kama GTX 1060 ni kutupa pesa.

Kinachoharibu mambo kwenye AM4 ni mpangilio wa kazi. Ingia kwanza ukurasa wa mtengenezaji wa bodi uone kama prosesa unayoitaka imo kwenye orodha; bodi za kompyuta zilizounganishwa kiwandani, hasa za HP, hazipati BIOS mpya kila wakati. BIOS yenyewe iandikwe prosesa ya zamani ikiwa bado imo, kwa sababu ile mpya haitawasha bodi isiyoijua. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, bodi inaweza kufa, kwa hiyo tumia UPS, hata ya kuazima. Kisha cheza nusu saa pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, na uzungushe hitisinki, chuma kinachopoza prosesa, taratibu kabla ya kuivuta: pini za AM4 ziko kwenye prosesa, na pesti iliyokauka huing'oa ikiwa bado imefungwa kwenye soketi. Ryzen ya zamani usiiuze mpaka mpya imemaliza jioni nzima ya gemu bila kuzima.