Picha ya Pakiti Haioti

Ingia duka lolote la mbegu pale Kijabe Street Jumamosi asubuhi uone watu wanavyonunua. Jicho la kwanza kwa picha, la pili kwa bei, kisha swali moja: "Hii inabeba?" Muuzaji hajawahi kukosa jibu: "Inabeba sana, mama." Pakiti inaingia mkobani, na hakuna aliyeuliza inabeba wapi, mwezi gani, wala ikipandwa kwenye nini. Kwa maoni yangu, mwenye bustani ndogo Nairobi hupoteza msimu kwa mbegu isiyomfaa mara nyingi zaidi kuliko kwa mbegu mbovu.

Kitunguu ndicho ushahidi ulio wazi kuliko yote. Mmea huu hufunga kichwa kwa kufuata urefu wa mchana. Aina nyingi zinazouzwa Uingereza na nchi nyingine za kaskazini husubiri mchana wa saa 14 hadi 16. Sisi tuko nyuzi moja na ushei kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni wa saa 12 Januari hadi Disemba, ukipishana kwa dakika chache tu. Panda pakiti uliyoletewa na shemeji kutoka London: utapata majani marefu ya kupendeza, na chini yake shingo nene isiyo na kichwa. Samadi haitaponya hilo. Red Creole na Bombay Red, ambazo zimejaa kwenye rafu zetu, hufunga vizuri kwa mchana wa saa 12. Isitoshe, mbegu inayoingia nchini inatakiwa iwe na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka ilikotoka. Wapo wanaouona huo kuwa usumbufu wa serikali, lakini ugonjwa kama uozo mweusi wa kabeji husafiri ndani ya mbegu yenyewe, na bahasha ya zawadi inaubeba bila kuonekana.

Ndiyo maana naona ni heri kuanzia kwa kampuni za kanda hii. Simlaw ni ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzia Kitale mwaka 1956, na ndiyo inayoshughulikia mboga. Ipo East African Seed, ipo Royal Seed. Ukivuka mpaka, Tengeru karibu na Arusha ndiko ilikotoka nyanya ya Tengeru 97, iliyochaguliwa kwa kustahimili minyoo fundo ya udongo wa huku, ile inayotia vinundu kwenye mizizi. Tusidanganyane lakini: jina la hapa si lazima liwe na mbegu iliyozaliwa hapa. Kabeji na karoti zinahitaji wiki kadhaa za baridi kali ndipo zitoe maua, na baridi hiyo Nairobi haina, kwa hiyo mbegu nyingi za aina hizo hukuzwa ng'ambo na kufungashwa hapa. Hilo halinisumbui. Unacholipia ni kwamba kuna mtu aliyechagua aina inayokubali hali ya huku, na kuna kaunta ya kurudia ukiwa na malalamiko.

Tukija kwenye nyanya, hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Cal J na Rio Grande ni fupi, hukua hadi kimo fulani zikasimama, na matunda yake huiva karibu kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni sifa kubwa kwa mtu anayepeleka makreti Wakulima Market. Nyumbani ina maana ya wiki tatu za nyanya kila sufuria, kisha unarudi kununua kwa mama mboga. Money Maker hupanda juu, hutaka mti au kamba, na huendelea kutoa kidogo kidogo kwa miezi. Ndiyo inayolingana na matumizi ya nyumba, ingawa kinga yake dhidi ya magonjwa ni hafifu. Anna F1 (F1 ni chotara, mbegu ya kuchanganya aina mbili) nayo hupanda, ina kinga nzuri, ila iliandaliwa zaidi kwa ajili ya grinihausi. Ukiiweka nje mvua za masika, ugonjwa wa blaiti hautauliza ulilipa shilingi ngapi kwa mbegu moja.

Soma zile herufi ndogo zinazofuata jina la nyanya. V na F ni minyauko miwili ya ukungu, N ni minyoo fundo, T ni virusi vya batobato. Ule mnyauko wa bakteria, unaolaza mmea mzima ungali wa kijani, mara nyingi haumo katika orodha hiyo. Kata shina la mmea ulionyauka karibu na udongo, lichovye ncha yake kwenye gilasi ya maji safi, ulitazame bila kulitikisa. Uzi mweupe kama maziwa ukianza kuteremka ndani ya dakika chache, huo ndio. Usikimbilie kununua mbegu ya bei zaidi. Hamishia nyanya kwenye magunia yenye udongo kutoka kwingine, na pale chini panda sukuma au kitunguu.

Je, F1 ina thamani yake? Mkulima wa soko, ndiyo. Kwa bustani ya nyumbani mimi husema mara nyingi hapana, na sababu si bei peke yake. Gloria F1 hufunga kabeji zinazolingana, zote tayari kwa pamoja. Vichwa 20 wiki moja, utavila na nani? Copenhagen Market, ambayo si chotara, hukomaa kwa kupishana, na kasoro hiyo ya sokoni ndiyo faida ya jikoni. Kwa sukuma, ile Georgia ya kawaida hukupa majani kwa miezi mingi ukichuma ya chini na kuacha sita au saba ya juu. Isitoshe, mbegu utakayovuna mwenyewe kutoka kwa F1 haitafanana na mama yake. Mimea mingine itakuwa mizuri, mingine vituko. Money Maker unaweza kujiwekea mwenyewe: kamua mbegu za tunda lililoiva vyema kutoka mmea usio na ugonjwa, ziache kwenye maji yake siku mbili au tatu hadi ute uachie, zioshe, uzianike kivulini kwenye sahani. Usitumie gazeti, zitagandia.

Kuna jambo la uzito ambalo watu hulipuuza. Gramu moja ya mbegu ya sukuma ina mbegu 250 au zaidi. Familia ya watu watano inatosheka na mashina 25 hadi 30. Ukinunua gramu 10 kwa sababu "ni bei ya jumla", umenunua mashina zaidi ya 2,500. Zitakazobaki zitawekwa juu ya friji au kabati la jikoni karibu na jiko, yaani mahali pabaya kuliko pote nyumbani, maana adui wa mbegu ni joto na unyevu. Nunua pakiti ndogo kabisa, au changeni majirani mgawane mkebe. Zinazobaki zifunge kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, pamoja na kijiko cha mchele uliokaangwa mkavu na kupoa, uiweke chini kwenye friji. Siku ya kupanda itoe mapema na uiache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo mvuke utatua juu ya mbegu. Namna hiyo sukuma na nyanya zitafika miaka minne bila shida. Kitunguu usikiamini baada ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo pale dukani, kabla ya picha, geuza pakiti. Tafuta jina la aina, nambari ya fungu, asilimia ya uotaji na tarehe ya kupimwa au ya mwisho. Ukikuta stika ya KEPHIS ya kukwaruza, kwaruza utume ile nambari kwa 1393; utajibiwa kwa ujumbe. Angalia pia pakiti ilipokuwa: ile iliyoning'inia mlangoni kwenye jua tangu Januari si sawa na iliyokuwa ndani, hata kama tarehe ni moja. Kama unapimiwa kwa kijiko kutoka mkebe uliofunguliwa, uliza ulifunguliwa lini. Mbegu za rangi ya waridi, buluu au kijani kikali zimepakwa dawa. Nawa mikono, na kuku wasizione.

Nairobi nayo si moja. Kikuyu na Karen udongo ni mwekundu, laini, unapitisha maji. Embakasi hadi Syokimau ni ule mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Karoti ya Nantes, ndefu na nyembamba, kwenye udongo mweusi itajikunja kama kizibuo. Chukua Chantenay, fupi na nene, au panda ndani ya gunia. Usiiatike kitaluni na kuihamisha, na usiipe samadi mbichi, itagawanyika miguu. Pilipili hoho, kama California Wonder, inataka joto ili iote: ukiisia Julai, usiku ukiwa nyuzi 11 au 12, unaweza kungoja wiki tatu na nusu ya mbegu ioze. Isie Septemba au Januari. Spinachi ya Fordhook Giant hata Julai haijali. Ile mbegu yake yenye magamba ni kifurushi cha mbegu mbili hadi nne, kwa hiyo ing'oe miche ya ziada, ubakishe mmoja kila shimo.

Kwenye mboga za kienyeji kampuni za huku hazina mpinzani, kwa kuwa pakiti za Ulaya hazina managu wala saga. Managu yenye matunda ya rangi ya chungwa yakiiva huwa na majani madogo na uchungu zaidi. Yenye matunda meusi ya zambarau ndiyo ya majani mapana. Mbegu ni vumbi, changanya kijiko kimoja na vijiko kumi vya mchanga mkavu ndipo unyunyize kwenye mistari. Saga ina ukaidi wake: mbegu iliyovunwa juzi hugoma kuota hadi ikae miezi kadhaa, na mwanga huizuia, hivyo ifunike kwa nusu sentimita hadi moja ya udongo badala ya kuiacha juu. Watu wengi huilaumu kampuni kwa saga iliyoachwa wazi juu ya kitalu.

Lawama hizo zinaweza kupimwa. Kabla ya kusia, hesabu mbegu 20, zipange juu ya tishu ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, kunja, tia ndani ya mfuko wa plastiki, weka mahali pa vuguvugu. Sukuma hesabu siku ya 5 na ya 7, nyanya siku ya 10, karoti na hoho siku ya 14. Zikiota 16, hiyo ni asilimia 80, safi. Zikiota 10, sia mara mbili. Chini ya hapo usipoteze samadi.

Na kama jaribio lilikuwa zuri ila kitalu ni kitupu, fukua kwa ncha ya kisu. Usipoona mbegu hata moja, sisimizi au ndege wamepita. Ukiikuta ngumu na kavu, maji hayakuifikia, au udongo wa juu uliganda kama saruji. Ikiwa laini na inanuka, umemwagilia kupita kiasi. Ikiwa imeota na kukunjamana chini, uliizika mno. Kina chake ni mara mbili hadi tatu ya unene wake, basi. Na miche iliyotoka ikaanguka, shina likiwa jembamba kama uzi mahali linapogusana na udongo, hicho ni kinyausi: udongo wa zamani, msongamano, maji ya jioni. Hakuna kati ya hayo lililo kosa la kampuni. Lakini kama ni ile tishu iliyotoa mbegu 6 kati ya 20 na tarehe ya pakiti haijapita, usitupe kitu. Piga picha ya tishu, chukua pakiti yenye nambari ya fungu na risiti, urudi Kijabe Street.